Atibiwe leo kituoni, au apewe rufaa?

Mwanamke anayeishi na VVU amekuja CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, kuchukua dawa, na siku hiyo amekubali kupimwa mlango wa kizazi. Muuguzi amepaka siki, amesubiri kama dakika moja, na doa jeupe limejitokeza. Bado si saratani. Ni mabadiliko ya awali, ambayo yakiachwa huenda miaka ijayo yakawa saratani. Hapo wataalamu wanagawanyika: doa lichomwe kwa kifaa cha joto siku hiyo hiyo, au apewe rufaa akakatwe sehemu hiyo kwa waya wa umeme?

Wanaotaka rufaa wana hoja nzito. Hatari ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mwanamke mwenye VVU ni takriban mara 6 ya mwenzake asiye na maambukizi. Kinga ikidhoofika, kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hii, hung'ang'ania, na mabadiliko yanaweza kurudi hata baada ya tiba. Nchini Kenya wanawake 400 wenye VVU na mabadiliko makubwa waligawanywa kwa kura: nusu wakagandishwa doa kwa baridi, ambayo nayo ni tiba ya papo hapo, nusu wakakatwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ndani ya miaka 2 mabadiliko yalirudi kwa asilimia 30 ya waliogandishwa, na asilimia 19 ya waliokatwa. Tena kinyama kilichokatwa huenda maabara, na saratani iliyojificha huonekana. Ukichoma, hakibaki cha kupima.

Hiyo 30 kwa 19 ndiyo inayotajwa kila tiba ya papo hapo inapobezwa kuwa ni tiba ya maskini. Naomba tukae nayo kidogo. Ni tofauti kati ya wanawake waliopata tiba na wenzao waliopata tiba. Mwanamke aliyepewa karatasi ya rufaa na asifike popote hayumo humo.

Chukua wanawake 100. Wakitibiwa wote papo hapo, kwa kipimo cha Kenya 70 hawarudiwi na tatizo. Wakipewa rufaa na wote wakafika, ni 81. Lakini wakifika 86 tu, hesabu inashuka hadi 70 ile ile. Yaani wakipotea 14 njiani, faida yote ya kukata imekwisha. Wakipotea 30, wanaonufaika ni 57. Ni kweli wapo ambao doa hufifia lenyewe, na Kenya walitumia baridi, si joto, hivyo hesabu inaweza kusogea. Swali halibadiliki: katika kila 100 wa kwetu, wanafika wangapi?

Mimi naogopa jibu. Tiba ya kukata inataka umeme wa uhakika, daktari aliyefunzwa na uwezo wa kuzuia damu, ndiyo maana hupatikana hospitali kubwa. Mama wa Liwale, wilaya ya mkoa wa Lindi kusini mwa Tanzania, akiambiwa aende Lindi mjini au Mtwara, hiyo si safari ya asubuhi na kurudi jioni. Kuna nauli, pa kulala, na mtu wa kumwachia watoto. Ikiangukia Oktoba au Novemba, korosho ziko chini ya mikorosho zinasubiri kuokotwa, na fedha ya mwaka mzima iko hapo. Halafu kuna siri. Aliyezoea CTC ya karibu bila jirani kujua atamweleza nini shemeji anayeuliza anakwenda hospitali ya mkoa kutibiwa nini?

Kifaa cha joto kinashikwa mkononi na kipo cha kutumia betri. Hakihitaji mitungi ya gesi kama ile ya kugandisha. Ncha yake hufika nyuzijoto 100, hugusishwa sekunde 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi ya mara moja, na mama husikia maumivu kama ya hedhi. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2019. Si kila doa linafaa: likiingia ndani ya mfereji wa kizazi, likizidi robo tatu ya mlango wa kizazi, au likitiliwa shaka ya saratani, hapo rufaa haina mjadala. Na saratani ikishakuwa kubwa, tiba ya mionzi iliyo karibu zaidi iko Dar es Salaam, kwa barabara ile iliyokatika Somanga kwa mafuriko Mei 2024.

Udhaifu wa upande ninaouunga mkono uko baada ya tiba. Mama anatakiwa ajizuie na tendo la ndoa kwa wiki kadhaa, maana kidonda kinaweza kutoa virusi zaidi, na hilo haliwezekani bila mume kushirikishwa, kwa ridhaa ya mama mwenyewe. Kisha apimwe tena baada ya miezi 12, na tena baada ya 12 mingine. Kituo kinachochoma na kusahau kinawapa wapinzani haki. Lakini huyu ni mteja wa CTC, ana faili na ana tarehe ya kurudi kuchukua ARV. Tarehe ya kipimo iandikwe kwenye kadi hiyo hiyo.

Nao wanaoshikilia rufaa kwa kila mwenye VVU watoe daftari zao: kati ya waliopewa karatasi Nanyumbu, Newala na Liwale, wangapi walifika na kutibiwa? Wakionyesha 90 katika kila 100, nitakubali wakatwe.