Kitambi cha Mfalme na Pipa la Kodi

Kumchora mtawala mwenye kitambi ni kazi rahisi. Ndiyo maana, kati ya vikaragosi vilivyochorwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 kuwasema wakubwa kwa ufujaji, vile vya matumbo havinivutii sana.

Mlengwa mkuu alikuwa George, mwana wa mfalme, aliyetawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa tangu 1811. Huyu bwana alijua kutumia. Mwaka 1795 tayari alikuwa na madeni ya pauni 630,000 hivi. Mwaka 1815 akamkabidhi msanifu John Nash nyumba yake ya Brighton, mji wa pwani ya Uingereza, aigeuze kasri, nje mtindo wa Kihindi, ndani wa Kichina. Nchi nayo ndiyo kwanza inatoka kwenye vita na Napoleon, deni limepita pauni milioni 800, askari wanarudi makwao hawana kazi.

Machi 1816 George Cruikshank, kijana wa miaka 23, akatoa mchoro wa baraza la Brighton. Mtawala amekaa kama mfalme wa Uchina, amenona kupita kiasi, anampa Lord Amherst karatasi ya maagizo. Amherst alikuwa anajiandaa kweli kwenda Uchina kama balozi. Karatasini anaambiwa alete mitindo mipya ya Kichina ili mapambo ya jumba yakamilike. Yaani ujumbe mzima wa taifa unatumwa kufuata mapambo ya nyumba ya mtu! Hapo nacheka.

Halafu, mle mle mchoroni, naiona sanamu ya Sara Baartman. Ni yule mwanamke Mkhoikhoi wa Afrika Kusini aliyeonyeshwa kwa viingilio huko London, na ambaye wakati huo alikuwa amefariki Paris miezi michache tu nyuma. Amewekwa mle kuonyesha ladha mbovu ya bwana mkubwa. Mchoraji anayewapigania walipa kodi hakuona tabu kumfanya marehemu asiye na mtetezi kuwa kichekesho. Wanaousifia mchoro huu kwa ushujaa wake wangeutazama wote.

Ninaouenzi mimi ni mwingine, wa Cruikshank huyohuyo, wa Aprili mwaka uleule. Mwezi mmoja kabla, Bunge lilikuwa limeikataa kodi ya mapato kwa kura 238 dhidi ya 201, na serikali ikaanza kuhubiri kubana matumizi. Cruikshank akachora pipa. Waziri wa Fedha, Nicholas Vansittart, anahangaika na bilula ndogo, anaokoa matone, huku tundu kubwa la pipa hilohilo limeachwa wazi na mali inabubujika. Basi. Hapa huhitaji kujua sura ya mtu wala kusoma bajeti, unaiona hesabu yenyewe. Kila nikisikia serikali, yoyote ile, imefuta chai ya vikao ili kuokoa fedha za umma, namkumbuka Vansittart na bilula yake.

Picha hizi zilichorwa kwenye bamba la shaba kwa tindikali, zikachapwa, kisha zikapakwa rangi kwa mkono. Moja iliuzwa shilingi moja au mbili, karibu ujira wa kutwa wa kibarua wa shambani, kwa hiyo wengi walizitazama bure kwenye madirisha ya maduka ya London. Mwenye duka akipandisha mpya, watu wanajaa barabarani.

Mwenyewe aliyechorwa hakucheka. Alipokuwa mfalme, George IV, watu wake wakaanza kuwalipa wachoraji na wauzaji wanyamaze. Juni 1820 Cruikshank alitia saini kupokea pauni 100 na kuahidi kutomchora mfalme katika hali yoyote ya kukosa maadili. Agosti, miezi miwili tu baadaye, yeye na mchapishaji William Hone wakatoa kijitabu kizima kuhusu ndoa ya mfalme iliyovunjika, na ulevi wake umo mle, umechorwa vizuri tu.

Pauni 100 zikawa zimeliwa.