Benchi Likiisha, Uliza Limeisha kwa Nini

Tarehe 5 Februari 2014 Los Angeles Lakers, timu ya mpira wa kikapu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, waliingia uwanjani Cleveland wakiwa na wachezaji wanane tu. Kabla mechi haijaisha, Nick Young alishaumia goti, Jordan Farmar alishabanwa na misuli, na Chris Kaman alishatolewa kwa faulo sita. Kaman alipoona benchi lote ni lake, akajilaza kwenye viti kama yuko sebuleni kwake. Picha ile ilizunguka sana. Kisha, mwishoni mwa robo ya nne, Robert Sacre naye akapigiwa filimbi: faulo ya sita.

Sisi tuliozoea sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, tungesema basi, wanabaki wanne. Hawakubaki wanne. Sacre aliendelea kucheza, timu yake ikaandikiwa faulo ya kiufundi, ile inayowapa wapinzani mtupo mmoja wa bure, mechi ikasonga. Lakers wakashinda 119 kwa 108.

Sheria ya NBA haina kona: timu haishuki chini ya watu watano. Mchezaji akifikisha faulo sita na hakuna tena wa akiba, anabaki, na kila faulo yake kuanzia hapo inakuja na faulo ya kiufundi juu yake. Na ikiwa aliyetoka ni majeruhi au amefukuzwa, anarudishwa yule aliyetolewa kwa faulo mwisho kuliko wenzake. Wanarudi kinyumenyume, na kila kurudi kunalipiwa kwa faulo ya kiufundi.

FIBA, ambao ndio tunaochezea sisi, wanasema vingine. Faulo tano, unatoka papo hapo, na kocha ana sekunde 30 za kuingiza mwingine. Hana? Chezeni wanne. Akitoka mwingine, watatu. Hata wawili wanaruhusiwa. Akibaki mmoja mechi imekwisha: kama wapinzani walikuwa mbele, matokeo yanabaki yalivyo, kama hawakuwa mbele, wanapewa ushindi wa 2 kwa 0. Yaani unaweza kuwa unaongoza kwa pointi kumi na tano ukaondoka na sifuri.

Mimi naona kila upande umepata nusu.

Kinachonishangaza kwa FIBA ni kwamba wanajua vizuri tofauti ya kutolewa kwa faulo na kufukuzwa. Mchezaji wa faulo tano anakaa benchi, taulo shingoni, anawashangilia wenzake. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu haruhusiwi hata kukaa pale. Ni chumba cha kubadilishia nguo au nje ya jengo. Tofauti ipo kwenye viti. Lakini ukija kuhesabu watu uwanjani, yote yanakuwa kosa moja: aliyechelewa nusu hatua kwenye ulinzi mara tano na aliyempiga mwenzake ngumi wanaiachia timu pengo lilelile.

Pengo la utovu wa nidhamu sina neno nalo. Tarehe 25 Novemba 2017, pale Brooklyn, Alabama walikuwa wanacheza na Minnesota, timu za vyuo vikuu vya Marekani. Ukazuka mzozo uwanjani, benchi zima la Alabama likainuka na kuingia, waamuzi wakalifukuza lote. Wakabaki watano bila akiba. Muda si mrefu Dazon Ingram akafikisha faulo tano, halafu John Petty akaumia kifundo cha mguu. Watatu dhidi ya watano, dakika kumi na ushee. Collin Sexton alimaliza na pointi 40, wakapoteza kwa 89 kwa 84 tu. Waliobaki walionewa? Hapana. Wenzao walijua sheria ya kuinuka benchi, wakainuka. Na tukiri, utamu wa mechi ile ulitokana na pengo lile.

Sasa njoo kwenye ligi zetu za mikoa na mabonanza. Timu inaruhusiwa kuandikisha wachezaji 12, lakini Jumamosi mchana mnajikuta saba. Mmoja yuko zamu kazini, wawili wana mitihani, mwingine nauli imekata. Robo ya tatu senta, yule mrefu wa kulinda chini ya kikapu, ana faulo nne na kocha anamwambia asimguse mtu. Asimguse mtu! Senta! Robo ya nne anatoka wa kwanza, anatoka wa pili, anatoka wa tatu, mnacheza wanne na waliolipa kiingilio wanaanza kuangalia simu zao. Hapo hakuna aliyekosa adabu. Waliokosa ni watu wa kukaa benchi.

Pendekezo langu ni hili. Benchi likiisha kwa faulo tano na majeruhi peke yake, mchezaji abaki kwa bei ya NBA. Likiisha kwa kufukuzwa, timu icheze pungufu, hata ikibaki wawili.

Najua jibu la makocha: mtu asiyetoka atapiga faulo ovyo. Angalieni karatasi ya mezani inayoandikwa faulo. Kila mchezaji ana visanduku vitano vya faulo, cha sita hakipo. Lakini FIBA tayari wana njia: faulo ya mtu aliyekwisha kufikisha tano inaandikwa kwa kocha, herufi B. Itumieni hapa. Wapinzani wapate mtupo mmoja wa ziada, kocha aandikiwe B, na B ya tatu imtoe kocha mwenyewe kama ilivyo sasa kwa faulo za kiufundi. Kocha anayejua kwamba filimbi ya tatu ni yake atamtuliza senta wake kuliko mwamuzi yeyote.

Ujanja ninaouogopa zaidi ni wa majeruhi wa kuigiza: mtu anashika goti ili nyota aliyetolewa arudi. Kwa hilo NBA walishafikiria, maana anayerudi ni wa mwisho kutolewa, hata kama ndiye mchovu kuliko wote. Mimi ningeongeza jambo moja tu: aliyeshika goti asirudi tena siku hiyo, hata likipona ghafla.