Tai Yangu na Mashine ya Kuchana Karatasi

"Huyu mtulivu, hata hutamsikia," mhasibu wetu aliniambia, akaniachia mwanawe wa miaka mitatu na kuingia kikaoni. Na kweli sikumsikia. Mtoto wa umri ule akipiga kelele, kaa kwa amani. Akinyamaza, toka kitini mbio.

Dada anayemlea alikuwa amepata udhuru, bosi akaruhusu mtoto aje ofisini "akae tu, apakepake rangi". Anayedhani mtoto wa miaka mitatu hukaa tu, huyo analea kwa simu.

Ulinzi nilipewa mimi kwa kuwa ndiye niliyehudhuria mafunzo ya usalama kazini. Mafunzo yenyewe yalihusu namna ya kuinua boksi zito bila kuumiza mgongo. Basi nikapiga magoti, niitazame ofisi kwa kimo chake, nikagundua kwamba miaka yote hii tunafanya kazi ndani ya mtego. Pini za stepla zimetapakaa chini ya meza. Waya wa kompyuta unaning'inia. Vuta tu, skrini nayo inashuka. Kabati la faili, droo zikifunguliwa, linageuka ngazi, na ni ngazi inayomwangukia anayeipanda. Mezani kwa katibu muhtasi palikuwa na kikombe cha chai ambayo yeye huiita imepoa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na chai iliyokaa robo saa bado inaweza kumbabua. Nikakipandisha juu ya kabati pamoja na mkasi.

Kilichonitisha zaidi ni rimoti ya kiyoyozi. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea, na ndani mna ile betri bapa ya duara inayong'aa. Mtoto akiimeza ikamkwama kooni, saa 2 zinatosha kumuunguza vibaya, hata kama ni betri iliyochoka. Nikaitia mfukoni. Nikaongeza vifuniko vya kalamu, sumaku za ubaoni, na kila kidude ambacho kingeweza kumkaba mtoto. Suruali ikaanza kulia njuga.

"Kaka, unahama?" katibu muhtasi akaniuliza.

Sikupata muda wa kumjibu, maana ofisi ilikuwa imenyamaza ghafla.

Bwana mdogo alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kuchana karatasi, taa yake ya kijani ikiwaka, anailisha. Kwanza mchoro wake, kisha karatasi ambazo hadi leo hatujui zilikuwa nini. Mashine hiyo haina haja ya kubonyezwa: ikihisi kitu mdomoni inaanza yenyewe. Na ule mdomo ni mwembamba, kidole changu hakipiti. Chake kingepita.

Nikaruka, nikainama, nikamdaka kiunoni na kumsogeza pembeni. Bahati mbaya nilikuwa nimevaa tai.

Mashine haikuuliza kama ni karatasi. Ikaikamata ncha, ikaanza kunivuta. Nikapiga kelele, "Zima! Zima!" Katibu muhtasi, mtu mwepesi sana kwa maagizo, akazima taa.

Gizani nikawa nasikia *krrrr* ikisogea kidevuni, na sauti ndogo ikitangaza kwa furaha, "Anko analiwa!" Taa zikawashwa. Plagi ilikuwa nyuma ya kabati, ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimeusukumia waya ili mtoto asiufikie. Ikabaki mkasi.

"Mkasi uko wapi?"

"Nimeuficha."

"Wapi?"

Jaribu kumwonyesha mtu kitu kilicho juu ya kabati wakati pua yako imegusa mfuniko wa mashine. Nilinyoosha kidole kuelekea dari, katibu muhtasi akadhani namwomba Mungu, akaanza kunisaidia kuomba.

Fundo la tai ndilo lililoniokoa. Lilikuwa nene mno, mashine ikakwama ikizomea. Wakati huohuo mlango wa kikao ukafunguka. Bosi akanikuta nimepiga magoti, nimeikumbatia mashine, mgongo umepinda.

"Hivi ndivyo mlivyofundishwa kuinua boksi?"

Mhasibu alimkagua mwanawe kidole kimoja kimoja, vyote 10, kisha ndipo akanitazama mimi. Baadaye fundi alikuja, akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, ambacho siku zote kilikuwa palepale juu ya mashine, na tai ikatoka ikiwa tambi.

Waraka ulitoka kesho yake: tai marufuku karibu na mashine. Kuhusu mtoto, hakuna neno. Nami nikajaza fomu ya ajali. Penye "sehemu ya mwili iliyoumia" nikaandika: shingo na heshima. Fomu imerudishwa. Wanasema niambatanishe cheti cha daktari kwa kila kimoja.