Rimoti Haisikii Makofi

Tukubaliane kwanza: rimoti haina masikio wala haya. Kuibonyeza mpaka ukucha ugeuke mweupe hakuiongezei kitu, na kuinyoosha mbele kama mtu anayechoma mkuki ndiyo kabisa. Lakini nitajie nyumba isiyo na mtu wa kuipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Inapigwa, inakubali mara moja, inagoma tena, na mpigaji anavimba kichwa eti ni fundi. Fundi gani? Betri ilikuwa imekaa upande kwenye springi yenye kutu, kofi likaisogeza nusu milimita, basi. Kesho itarudi ilikokuwa.

Rimoti ni tochi, hakuna uchawi. Mwanga wake ni infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na jicho letu hukata tamaa kwenye 700 na ushee. Tochi hiyo huwaka na kuzimika mara 38,000 hivi kwa sekunde, ili televisheni isiichanganye na jua, balbu na mwanga mwingine wote unaozurura chumbani. Unataka kujua nani mgonjwa? Washa kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipigia picha, maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio cha kuzuia infraredi. Ielekezee rimoti, bonyeza. Ukiona kitone cha zambarau kinapepesa, rimoti haina kosa na kesi inahamia kwenye televisheni: kuna mtu kaweka ua la plastiki mbele ya jicho lake, au jua la dirishani linaipiga usoni. Kisipoonekana kitu, anza na betri. Na kama kitone kinakuja kwa vitufe vyote isipokuwa kile cha sauti, ambacho ndicho kinachobonyezwa kutwa, basi ni ile rangi nyeusi ya kaboni chini ya mpira imechakaa au imefunikwa na mafuta ya vidole. Fungua, futa mpira na bodi kwa pamba yenye spiriti, acha vikauke, funga. Kazi ya dakika kumi. Lakini wapi, tunaendelea na makofi.

Betri zenyewe ni kisa kingine. Ziko mbili, volti 1.5 kila moja. Taa ya infraredi haili umeme mwingi ukijumlisha siku nzima, ila inakula kwa mafunda makubwa, na betri ikishachoka funda hilo haliwezi tena. Hapo mjuaji wa nyumba anatoa moja, anaweka mpya, anaacha kuukuu ndani, kubana matumizi. Mpya inaisukuma kuukuu mpaka inatapika; ule unga mweupe unaoukuta umeila springi ndiyo matapishi yenyewe. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na zilizotoka zisitupwe haraka. Saa ya ukutani hula kwa kulamba tu, na betri iliyokataliwa na rimoti, kama saizi zinalingana, inaweza kuitembeza miezi kadhaa.

Sasa hiyo infraredi ni ndugu wa tumbo moja na mawimbi ya redio, maikrowevu, mwanga tunaouona, urujuanimno (ule mwanga wa jua usioonekana, unaobabua ngozi), eksirei na gama. Ukoo mzima unaitwa mawimbi ya sumakuumeme, na kwenye ombwe, yaani utupu usio na hata hewa, wote hukimbia mwendo mmoja, mita 299,792,458 kwa sekunde. Mkubwa hampiti mdogo. Wanachotofautiana ni urefu wa wimbi, na kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyopiga mara nyingi zaidi kwa sekunde. Mwanafizikia Maxwell aliwaandika kwenye karatasi miaka ya 1860, mwenzake Hertz akawatoa hadharani kwa cheche za umeme kuanzia 1887, na nyumba hazijatulia tangu hapo.

Chukua ugomvi wa jikoni. Intaneti inakatika, watu wanaulaumu mtandao, wanapiga simu ya huduma na kulishwa muziki nusu saa, kumbe mbaya wao yuko jikoni anapasha chakula. Oveni ya maikrowevu inapiga kwenye gigahezi 2.45, yaani mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Wi-Fi ya kawaida inaishi kwenye gigahezi 2.4 na kidogo. Ni majirani wa ukuta mmoja, ila mmoja ana nguvu ya wati 800 na mwingine, yaani ruta, kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi, ana sehemu ya kumi ya wati moja. Oveni nzima isiyo na kasoro huvujisha chembe tu, chembe isiyomdhuru mtu, lakini kwa ruta chembe hiyo ni treni inayopita katikati ya mnong'ono. Dawa ni kuhamia Wi-Fi ya gigahezi 5, ambayo oveni haiijui. Shida yake ni kwamba hiyo nayo inachoshwa na kuta mapema zaidi. Vyumba viwili vya tofali na imeanza kuhema.

Ukishindwa kuhama, angalau chagua chaneli kwa akili. Kwenye 2.4 chaneli zimepangwa kila baada ya megahezi 5 (megahezi elfu moja ndiyo gigahezi) lakini kila mtumiaji anakalia upana wa karibu megahezi 20, kwa hiyo zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kuna mtu huona 1 na 6 zimejaa, akajipenyeza kwenye 3 akidhani amepata utulivu. Amejilaza katikati ya ugomvi wa wawili. Anasumbuliwa na wote na yeye anawasumbua wote.

Na ruta zinavyowekwa, Mungu wangu. Ndani ya kabati ili isiharibu sura ya sebule. Nyuma ya televisheni, ambayo ni bamba la chuma. Kando ya tangi la samaki, na maji ni mlafi mkubwa wa mawimbi haya. Nyuma ya kioo cha kujitazamia, ambacho mgongo wake umepakwa madini. Halafu antena zinalazwa ziuelekeze mlango wa chumbani kama bunduki, wakati antena ya namna ile hutupa wimbi lake ubavuni pande zote, na ncha ndiyo sehemu isiyotoa karibu chochote. Isimamishe wima, mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Itakuwa mbaya kutazama, ndiyo. Chagua sura au chagua intaneti.

Oveni nayo ina malalamiko yake, ukiacha kuvuruga majirani. Chakula pembeni kinaunguza ulimi, katikati barafu. Wimbi la ndani mle lina urefu wa sentimita 12.2. Linagonga kuta za chuma, linarudi, linakutana na lenyewe, na yanazaliwa maeneo yanayochemka na maeneo yaliyolala, yakipishana kwa kama sentimita 6. Ndiyo maana kuna sahani inayozunguka, na ndiyo maana sufuria pana lililokwama ukutani lisizunguke ni kazi bure. Asiyeamini aitoe sahani pamoja na kile kiviringisho chake, aweke bapa lenye siagi iliyopakwa sawasawa, awashe sekunde chache tu mpaka madoa yaanze kuyeyuka. Apime umbali kati ya madoa mawili, azidishe kwa mbili, kisha kwa bilioni 2.45. Akipima vizuri atakaribia mwendo wa mwanga, kwa rula ya shule.

Na hii habari ya kwamba maikrowevu hupika kuanzia ndani ifike mwisho. Wimbi linaingia sentimita mbili tatu hivi, linachosha nguvu zake humo, na katikati hupata joto kwa kusubiri kama katika chungu kingine chochote. Barafu ndiyo kichekesho zaidi: molekuli zake zimefungwa, haziwezi kujigeuza, kwa hiyo hazinywi wimbi vizuri. Pakiyeyuka tone moja, tone hilo linakunywa kwa pupa, linachemka, na sentimita moja pembeni bado ni jiwe. Kitufe cha kuyeyushia si pambo. Huwasha na kuzima ili joto litambae wakati wa mapumziko. Lakini nani ana subira? Anaweka nguvu zote dakika tano, kisha anamtukana mtengenezaji.

Wavu wa mlangoni watu huuogopa pia, eti una matundu. Matundu yenyewe ni milimita moja au mbili, na wimbi ni sentimita 12. Halipiti, kama vile ng'ombe hapiti kwenye chekecheo. Mwanga una nanomita mia nne hadi mia saba, unapita na kukuonyesha chakula kikifurika. Cha kuogopa ni mlango uliopinda, kitasa kilicholegea au mpira wa pembeni uliojaa mafuta. Hivyo hakuna anayevitazama.

Redio ina fitina ya kizamani, ile ya "simama hapo hapo, usiondoke!" Mtu anageuzwa mlingoti. FM iko kati ya megahezi 88 na 108, wimbi la mita tatu hivi, na mwili uliojaa maji ya chumvi karibu na antena hubadilisha kinachopokelewa, kwa heri au kwa shari. Badala ya kumtesa mtoto, vuta antena ifike robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Ukihamia mawimbi ya kati, yale ya AM, hata hivyo, antena hiyo acha kuivutavuta, haihusiki. Ndani ya redio kuna kijiti cha feraiti, kitu cheusi cha sumaku, kilicholala, na kinachosikia vizuri ni ubavu wake. Zungusha redio yenyewe. Ikikoroma mahali pote, chomoa chaja za simu na balbu za LED moja baada ya nyingine. Ile ya bei ya kutupa ndiyo itakayokutwa na hatia, maana saketi yake huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde na haina kichujio cha maana.

Dishi nalo lina kisirani chake. Wimbi linatoka kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, linavuka utupu wote huo bila kunung'unika, kisha kilomita chache za mwisho linakutana na mvua na linazirai. Kwenye gigahezi 11 au 12 wimbi lina sentimita mbili na nusu tu, na matone makubwa hulinywa na kulitawanya. Kuna shujaa hupanda juu ya paa wakati huo huo kulisogeza. Digrii moja ya dishi pale chini ni zaidi ya kilomita 600 kule juu. Mvua ingeisha baada ya dakika ishirini. Yeye sasa anahitaji fundi.

Lakini kinachonimaliza kabisa ni woga wetu kukaa upande usio wake. Mtu anazima ruta usiku kwa kuogopa mionzi, asubuhi anakaa juani kwa muda wa saa tatu bila kofia. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga au wimbi, ikiwa ya mwanga wa kijani ina nishati zaidi ya mara laki mbili ya fotoni ya Wi-Fi, na bado mwanga wa kijani hauvunji kitu mwilini. Urujuanimno unaufikia uwezo wa kuiharibu DNA ya ngozi. Ule wa kundi B, nanomita 280 hadi 315, ndio unaobabua. Kioo cha dirisha huuzuia karibu wote. Kundi A, hadi 400, sehemu kubwa hupita kiooni, ndiyo maana pazia linapauka na dereva wa miaka mingi huzeeka shavu la dirishani kabla ya lile lingine. Losheni ya kujikinga hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, yaani kama mililita 30 kwa mwili wa mtu mzima, na inapakwa upya kila saa mbili. Sisi tunapaka tone la pua, tunasoma "50", kile kipimo cha kinga, kwenye chupa, tunajiona tumevaa ngao. Na miwani myeusi isiyozuia urujuanimno ni hasara mara mbili, kwa sababu giza lake linaifanya mboni ifunguke kumkaribisha mgeni.

Eksirei? Mpiga picha anasema hakuna shida, tulia, vuta pumzi, usipumue, kisha anakimbilia nyuma ya ukuta wenye risasi, yale madini mazito yanayozuia eksirei. Mgonjwa anabaki akijiuliza. Hesabu ni hii: picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na ardhi, anga na hewa hutupatia wastani wa 2.4 kwa mwaka bila kuomba. Umepata ya wiki mbili na ushee. Yeye anapiga picha kutwa, mwaka mzima. Akikaa nawe kila mara atakusanya ya wote. Pumzi inashikiliwa ili mapafu yatanuke na picha isitikisike. Mkufu unavuliwa kwa sababu madini hutoa kivuli cheupe, na daktari hawezi kuona kilichojificha nyuma yake. Anayebisha mlangoni kuhusu hereni anajichelewesha mwenyewe, na foleni yote nyuma yake.

Gama ndiye mpole kuliko sifa zake, alimradi yuko kwenye kazi yake: sindano nyingi za kutumia mara moja husafishwa kwa gama ya kobalti-60, madini yenye mionzi, zikiwa tayari zimefungwa, na hazibaki na mionzi hata chembe, kama vile chumba hakibaki na mwanga taa ikizimwa.

Wakati huo sebuleni televisheni bado iko chaneli ile ile, na saa ya ukutani inasema saa nne na robo kama ilivyosema asubuhi. Mjuaji ameing'oa betri ya saa akaitia kwenye rimoti. Anabonyeza. Anapiga kofi.