Lenzi ya shilingi 300 na lenzi ya shilingi 30,000: tofauti iko wapi?

Saa kumi na moja jioni, magari yamekwama Barabara ya Mombasa, na mchuuzi anagonga dirisha la matatu akiwa na ubao uliojaa miwani ya jua. "Polaroidi hii, boss. Orijino. Mia tatu tu." Katikati ya jiji, ndani ya kabati lenye taa, kuna miwani inayofanana na hiyo kwa umbo na rangi, bei yake shilingi 30,000. Juma lililopita abiria wawili walioketi nyuma yangu walibishana kuhusu jambo hilo kutoka Bellevue hadi Nyayo Stadium. Mmoja alishikilia kwamba kioo ni kioo, na mwenye duka anauza jina. Mwenzake akasema rahisi ghali, na jicho halina spea.

Ubishi huo umenikaa kichwani. Mimi navaa miwani tangu darasa la sita, na Jumapili nyingi huwa na darubini shingoni nikitafuta ndege. Naona kila mmoja wao alikuwa na haki, ila walikuwa wakizungumzia vitu tofauti bila kujua. Lenzi ya darubini, ya kamera na ya miwani ya jua zote huitwa lenzi, lakini kila moja ina kazi yake, na ugumu wa kuifanya kazi hiyo sawasawa haulingani hata kidogo.

Darubini ndiyo iliyonifundisha kwa maumivu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja mjini, imeandikwa 60x60 kwa herufi nyeupe, lenzi zake za mbele zikimetameta nyekundu kama rubi. Nikaingia nayo Mbuga ya Taifa ya Nairobi alfajiri lango lilipofunguliwa. Baada ya dakika kumi kichwa kiligonga. Nyati mmoja alikuwa na kivuli cha pili ubavuni, na majani ya mbali yalikuwa na ukingo wa zambarau. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye gari letu akanipa yake, ya 8x42, iliyochubuka rangi pande zote. Nilipoiweka machoni nilinyamaza. Nyati alikuwa mmoja, na niliweza kuona kupe sikioni mwake.

Hesabu ya namba hizo si ngumu, na kila anayetaka kununua darubini anapaswa kuijua. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwali unaofika jichoni. 42 kwa 8 ni milimita 5.25, na hapo alfajiri mboni iliyofunguka inapata mwanga wa kutosha. 60 kwa 60 ni milimita 1, ambayo asubuhi na mapema ni giza tupu. Ukweli ni kwamba ile yangu haikuwa inakuza mara 60 wala karibu na hapo. Darubini inayokuza kiasi hicho haishikiki kwa mkono. Mapigo ya moyo peke yake yangetikisa picha.

Wekundu ule nao una kisa. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Darubini ina lenzi na prizimu kadhaa (vipande vya kioo vinavyogeuza mwelekeo wa mwanga), kwa hiyo mwanga unaweza kuvuka nyuso 16 kabla ya kufika jichoni, na zikiwa tupu zote, karibu nusu ya mwanga inapotea njiani. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss, alipata njia ya kupaka kioo utando mwembamba mno, ili mawimbi yanayoakisiwa juu ya utando na yale yanayoakisiwa chini yake yauane. Tando za kisasa hushusha hasara ya kila uso chini ya nusu ya asilimia, na kwa nyuso zilezile 16 zaidi ya asilimia 90 ya mwanga inapita. Utando mwekundu wa darubini za bei ya chini hufanya kinyume: huurudisha nje mwanga mwekundu, na dunia unayoiona inabaki na ukijani. Ndege tunayemwita chozi anatumia kanuni hiyohiyo kwenye manyoya yake. Rangi ile inayowaka na kuzimika akigeuza shingo inatokana na tabaka nyembamba ndani ya unyoya, na mchezo wa mwanga baina yake.

Kilichoniumiza kichwa, hata hivyo, ni mirija miwili isiyotazama upande mmoja. Kosa dogo sana la ulinganifu linatosha. Misuli ya macho hujaribu kulirekebisha kila sekunde mpaka ichoke. Kulinganisha mirija ni kazi ya fundi na vipimo, kipande kwa kipande, na ndiyo maana inagharimu. Hapa yule abiria wa "rahisi ghali" anashinda bila ubishi.

Anashinda kwa kiasi, lakini. Darubini bora kabisa za Ulaya zinagharimu zaidi ya pikipiki mpya ya bodaboda, na siamini kwamba mtu anayeangalia ndege mara mbili kwa mwezi ataona tofauti inayolingana na pesa hizo. Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaitaji sana. Darubini nyembamba zenye mirija iliyonyooka hutumia prizimu zinazodai usahihi wa kutisha. Pembe ikikosewa hata kidogo, picha inapasuka mara mbili. Zile za kizamani zenye mabega, zinazofuata mpango wa Ignazio Porro wa katikati ya karne ya 19, huvumilia zaidi makosa ya kiwandani. Ukiwa na pesa za kubana, nunua yenye mabega. Haivutii shingoni, lakini kwa bei ileile mara nyingi itakuonyesha zaidi.

Upande wa kamera, pande zote mbili zina hoja nzito, na mimi huyumba. Mpiga picha anayesimama nje ya KICC au Uhuru Park akisubiri wageni kutoka mashambani anafanya kazi juani, mteja wake anatumiwa picha kwa WhatsApp ambayo inaibana kabla haijafika, kisha inatazamwa kwenye simu yenye ufa. Kumwambia mtu huyo akope anunue lenzi ya laki mbili ni kumdhulumu. Tena lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa kamera kubwa, ni kali kweli. Mpango wake unatokana na ule ambao Paul Rudolph aliubuni mwaka 1896: vioo vinavyokabiliana pande mbili za tundu, makosa ya upande mmoja yakifuta mengi ya upande wa pili. Gharama za kuusanifu zililipwa zamani.

Sasa mwingize mpiga picha huyo kanisani, arusi ya saa nane, madirisha madogo, padri amekataza flashi. Lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta kuwasogeza watu karibu, inafunguka hadi f/5.6 tu. Ile ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Lakini haivuti wala haisogei, na bibi arusi hamsubiri mtu ahamishe miguu. Hapo ndipo lenzi kubwa ya kuvuta, f/2.8 mwanzo hadi mwisho, yenye mipira ya kuzuia vumbi, inapojilipia. Arusi haina marudio. Kwa hiyo nasema hivi: anayeishi kwa kamera atajua siku ya kununua lenzi ghali, kwa sababu atakuwa ameanza kupoteza kazi bila hiyo. Kabla ya siku hiyo, pesa zibaki benki. Na anayenunua mtumba aimulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ndani yake ni kuvu, na kuvu akishakula utando wa kioo, utando huo hauponi.

Simu zenyewe zinawavuruga wanaoamini kwamba usahihi lazima uwe ghali. Ndani ya kamera ya simu kuna lenzi kadhaa za plastiki, ndogo kuliko punje ya mahindi, zenye mikunjo ambayo fundi wa kusugua kioo kwa mkono angeihangaikia maisha yake yote. Ni sahihi mno, na kila moja ni ya bei ya chini, kwa sababu usahihi wote umewekwa kwenye kalibu, kisha kalibu inarudia mamilioni ya mara. Ghali ni kile kisichoweza kumiminwa kwenye kalibu: kusugua kioo kikubwa mpaka kosa la uso wake liwe chini ya robo ya wimbi la mwanga, ambayo ni takriban nanomita 140, mara 500 hivi chini ya unene wa unywele, kisha kukiweka mahali pake pasipo kuyumba.

Ukishaliona hilo, miwani ya jua inageuka kuwa jambo jingine kabisa. Na ndilo linalonikera zaidi, maana darubini mbovu huharibu Jumapili ya mtu mmoja, ilhali miwani mibaya iko usoni mwa jiji zima.

Nairobi iko karibu na Ikweta, na iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno, ambayo wachuuzi wanaiita yuvi, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Hata Julai, watu wakiwa wamejifunika makoti, mawingu huzuia joto kuliko yanavyozuia miale hiyo. Kwa miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, na ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho ikitambaa kuelekea mboni. Saratani ya uso wa jicho, inayohusishwa na jua na pia na virusi vya UKIMWI, inaonekana zaidi Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwendesha bodaboda, mama mboga, polisi wa trafiki, wote hawa wanakaa juani tangu asubuhi.

Hofu inayosemwa sana ni kwamba miwani nyeusi isiyozuia urujuanimno ni mbaya kuliko kutovaa. Ina msingi: giza la lenzi huifungua mboni, mtu anaacha kukunja uso, na miale isiyoonekana inaingia kwa wingi. Hoja hiyo hutumiwa kumwelekeza mnunuzi kwenye kabati la shilingi 30,000. Lakini kuzuia urujuanimno hakuhitaji kioo kilichosuguliwa na mabingwa. Polikaboneti, plastiki ngumu inayotumika kwenye lenzi nyingi, huizuia karibu yote kwa asili yake, hata ikiwa haina rangi. Plastiki nyingine huongezewa dawa wakati wa kutengenezwa. Kati ya mia tatu na elfu thelathini, sehemu kubwa ni fremu, jina na kodi ya duka. Tena majina mengi tunayodhani yanashindana yako chini ya mwenye mali mmoja: EssilorLuxottica, iliyozaliwa mwaka 2018 kwa kuungana kwa kampuni ya Ufaransa na ya Italia, inamiliki Ray-Ban, Oakley na Persol, na hutengeneza miwani ya nyumba kadhaa za mitindo kwa leseni.

Je, basi tununue barabarani kwa amani? Nilinunua mbili kwa mchuuzi mmoja, siku moja, zote na kibandiko cha UV400, maana yake zizuie miale hadi nanomita 400. Nikazipeleka kwenye duka la miwani lenye kipimo. Unaweka lenzi, unabonyeza, sekunde chache namba inatoka. Moja ilizuia yote. Ya pili ilipitisha zaidi ya theluthi. Kibandiko kilikuwa kilekile. Polaroidi nayo haisemi lolote kuhusu urujuanimno. Kazi yake ni kukata mng'ao wa lami na maji, na unaweza kuikagua kwa kuizungusha mbele ya skrini ya simu uone kama inafifia. Na yenye mawimbi utaigundua kwa kuinyoosha mbali na uso, uangalie nondo za dirisha kupitia lenzi huku ukiisogeza. Nondo ikijipinda, iache.

Nawaelewa wanaosema tusiwabane wachuuzi. Ukidai vyeti vya kila shehena bei itapanda, na mnunuzi wa mia tatu atabaki macho wazi. Lakini kipimo cha sekunde chache bandarini, sampuli kadhaa kwa kila katoni, hakiwezi kuwa mzigo kwa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kama kinavyokuwa mzigo kwa anayedanganywa na kibandiko. Mchuuzi hana kosa. Hata yeye hajui anachouza.

Siku ile ya kupima, kijana wa bodaboda aliyenipeleka aliingia dukani nami. Akavua zake, za shilingi 250, akauliza, "Na hizi je, mzee?" Zilizuia zote. Alifurahi, kisha akaniambia shida yake hasa iko jioni: zikiwa nyeusi haoni mashimo, kwa hiyo saa kumi na mbili huziweka mfukoni na kula vumbi la barabara ya Outering hadi usiku. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba weusi na kinga ni vitu viwili. Tulipotoka tulipitia duka la vifaa vya ujenzi, akachukua miwani ya mafundi isiyo na rangi, ya polikaboneti, iliyofunika hadi pembeni mwa macho, na akanirudisha nyumbani akiwa ameivaa.