Aliwalilia wachimba makaa, kisha akayakataa makaa

Ukitazama miaka tu, unaweza kudhani Pete Postlethwaite, mwigizaji wa Uingereza, alikula matapishi yake. Mwaka 1996, katika filamu ya Brassed Off, alikuwa Danny, kiongozi wa bendi ya wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza ambao mgodi wao unafungwa. Mwaka 2009 alimkabili waziri wa nishati, Ed Miliband, akamwambia kwamba serikali ikiruhusu mtambo mpya wa umeme wa makaa kule Kingsnorth, atairudisha nishani yake ya OBE, heshima ya taifa la Uingereza. Mimi sioni ukigeugeu hapo hata chembe.

Mtazame huyo Danny. Vumbi la mgodini limemla mapafu. Usiku wenzake wanakuja kumpigia matarumbeta nje ya hospitali, kofia za kazi kichwani, taa za kofia zikiwaka gizani, naye yuko ndani anasikiliza. Baadaye bendi inashinda mashindano ukumbini Royal Albert Hall, London, na mtu yule aliyeupenda muziki kuliko kitu chochote anasimama na kusema kombe si kitu mbele ya watu. Alichokitetea ni pumzi ya wale watu. Makaa yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiwaua.

Miaka mitatu nyuma, katika filamu ya In the Name of the Father, alikuwa ameshacheza baba mwingine anayekohoa, mtu wa kweli: Giuseppe Conlon wa Belfast, aliyekwenda London kumsaidia mwanawe, akafungwa kwa kosa asilolitenda, akafia kifungoni mwaka 1980. Mahakama ilikuja kumsafisha mwaka 1991, mwenyewe yuko kaburini. Postlethwaite aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Hakupayuka hata mara moja. Ule uso wa mifupa mitupu ulitosha. Huwa naurudia, na kila mara koo linanikaba.

Alizaliwa Warrington mwaka 1946, akawahi kuwaza upadre, akafundisha maigizo kabla ya kupanda jukwaani. Ukumbi wa Everyman wa Liverpool, uliomlea ujanani, aliurudia mwaka 2008 kucheza King Lear. Wakenya nao wana sababu ya kumkumbuka: katika The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, alikuwa daktari aliyekimbilia nyikani na dhambi ya dawa zilizojaribiwa kwa maskini. Kila nikimwona pale najiuliza ni waigizaji wetu wangapi wako tayari kumwambia waziri uso kwa uso kwamba nishani yenu chukueni. Tunao wenye vipaji vikubwa, lakini wengi tunawaona majukwaani wakati wa kampeni tu.

Oktoba 2009 kampuni ya umeme ilitangaza kuuahirisha mradi wa Kingsnorth. Waliopigana walikuwa wengi, yeye mmoja wao. Saratani ilimchukua tarehe 2 Januari 2011, akiwa na miaka 64. Nyumbani kwake Shropshire alikuwa ameshasimika mtambo wake wa umeme wa upepo.