Mlipuko wa ugonjwa ukiingia, upandikizaji wa figo usimame? Hesabu ya mtu wa Kigoma

Mwaka 2020 jirani yetu mmoja wa Ujiji alikuwa akiishi kwa chupa ya nusu lita. Aliijaza asubuhi, na chochote alichokunywa siku hiyo, chai, uji, maji ya kumezea dawa, kilitoka humo. Ikiisha, imeisha. Figo zake hazikuwa zikifanya kazi tena, na alishahamia mbali, kwa shemeji yake, ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu. Ukimshika mkono wa kushoto, pale madaktari walipounganisha mishipa, ulihisi damu ikitetema chini ya kidole. Dada yake alikubali kumpa figo moja, na vipimo vikaoana. Kisha Uviko-19 ikaingia, wakaambiwa wasubiri.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi: waliowaambia wasubiri walikosea?

Sababu zao zilikuwa nzito. Mwili huiona figo mpya kama mgeni na hutaka kuifukuza, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kushusha kinga: takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni. Miezi ya mwanzo ndiyo kinga hushushwa zaidi. Kumfanyia mtu hivyo wakati virusi vimetanda mjini ni kumtoa nje bila mwavuli masika. Machi na Aprili 2020, hospitali moja ya New York ilifuatilia watu 36 waliokuwa na figo za kupandikizwa na wakapata Uviko: 10 walifariki ndani ya wiki chache. Haishangazi kwamba Marekani karibu vituo 7 kati ya 10 vilisimamisha kabisa upandikizaji wa figo kutoka kwa watu walio hai, na Ufaransa upandikizaji wa viungo vya marehemu ukashuka kwa asilimia 90.

Halafu yupo dada. Yeye anaingia hospitali akiwa mzima. Katika hali ya kawaida, hatari ya mtoa figo kufariki kutokana na upasuaji ni kama watu 3 kati ya 10,000, lakini hesabu hiyo ilipigwa kabla ya wodi kujaa wagonjwa wa Uviko na mitungi ya oksijeni kugombaniwa. Kwetu Tanzania kulikuwa na jambo jingine: baada ya mwisho wa Aprili 2020 takwimu za maambukizi zilikoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Daktari wa upasuaji asiyejua ugonjwa umeenea kiasi gani mtaani ana haki ya kusita.

Ninachokataa ni dhana iliyojificha ndani ya neno "subiri", kwamba anayesubiri yuko salama. Takwimu za Ulaya za mwaka huohuo zilionyesha kuwa kati ya wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu na kupata Uviko, asilimia 20 walifariki ndani ya siku 28. Kwa waliokwisha kupandikizwa ilikuwa asilimia 19.9. Tusizitumie kujifariji kupita kiasi, maana waliopandikizwa kwa kawaida ni vijana kuliko wale wa mashine. Hata hivyo mashine haikuwa ngome. Mgonjwa huenda mara 3 kwa wiki, saa 4 kila safari, anapanda daladala, anakaa chumba kimoja na wenzake. Mtu mwenye figo mpya angalau anaweza kufunga mlango akakaa ndani.

Kwa mtu wa Kigoma wakati huo, huo mlango wenyewe hakuwa nao. Kusubiri kwake kulikuwa kukaa kwenye sebule ya watu, kulala kwenye godoro linalokunjwa asubuhi, huku biashara yake ya dagaa ikisimama. Na anayetoa figo naye ana maisha yake. Jirani yetu alipopata tarehe mpya, dada yake alikuwa na mimba ya miezi mitano. Safari ya India, iliyokuwa tegemeo letu kabla ya hospitali ya Muhimbili kuanza kupandikiza figo Novemba 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kufuata Machi 2018, nayo ilifungwa pale India ilipozuia ndege za kimataifa Machi 2020. Ukisimamisha hapa nyumbani, hakuna mlango mwingine.

Kwa maoni yangu, kusimama wiki chache za mwanzo ni sawa, hadi ijulikane ugonjwa unaenezwaje na wodi zitenganishwe. Baada ya hapo tuna nafasi ambayo wengi Ulaya hawana. Huko figo nyingi hutoka kwa marehemu, simu inalia usiku na mgonjwa anakimbia. Kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo siku inachagulika. Ndugu wawili wanaweza kujitenga wiki mbili, wakapimwa wote, na mmoja akikohoa, tarehe ikasogezwa. Chanjo ikiwepo, ichomwe kabla ya upasuaji: utafiti wa Marekani mwaka 2021 ulikuta kuwa baada ya dozi mbili, ni asilimia 54 tu ya waliochanjwa wakiwa wameshapandikizwa viungo walioonyesha kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi. Kwa ajili hiyo ningekubali mtu acheleweshwe mwezi mzima.

Baada ya upasuaji asiharakishwe kurudi. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takribani kilomita 1,250, na miezi ya mwanzo kiwango cha takrolimasi kwenye damu hupimwa mara kwa mara. Akirudi, abebe akiba ya dawa ya miezi mitatu. Na aambiwe waziwazi kuhusu dawa za mitishamba. Mwaka 2020 karibu kila nyumba ilikuwa na sufuria ya kujifukiza na chupa ya mchanganyiko wa kunywa. Mchanganyiko usiojulikana unaweza kuvuruga dawa inayoilinda figo.

Hili si jambo lililopita. Mwaka 2015 kipindupindu kilipiga Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakati wakimbizi wa Burundi walipofurika. Kuharisha tu kunaweza kupandisha takrolimasi kupita kiasi, na upungufu wa maji ukaiumiza figo hiyohiyo. Homa ya virusi vya Marburg imeingia Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Boti kutoka Kongo zinatia nanga kwetu kila siku.

Fomu za kuwapanga wagonjwa huuliza kundi la damu, presha, sukari, miaka ya kuwa kwenye mashine. Ningeomba liongezwe swali moja, na jibu lake lihesabiwe pale foleni inapofunguliwa upya: ukitoka kwenye mashine, unalala kwa nani?